Mashine Iliyojipigia Simu

Kila asubuhi Waya aligonga mlango wa baba yake kwa ncha ya mguu, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika sinia la chai. Akigonga, alingoja. Baba akikohoa, maana yake ngoja nijifunike. Akisema "Pita, mama," hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Waya aliingia, akaweka sinia juu ya stuli, akafungua dirisha, akauliza, "Umeamkaje, Baba?" Naye baba akajibu, "Nimeamka, na hilo si haba," wakacheka wote wawili kana kwamba mzaha huo ndiyo kwanza umetungwa.

Asubuhi hii mguu ulikuwa bado hewani simu ilipolia mfukoni. Waya akaliweka sinia sakafuni, akajifuta mkono kwenye kanga.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa nesi mkuu wa kitengo cha figo, mwanamke wa sauti nzito ambaye hakuwahi kupiga simu ya bure. "Hebu niambie, mashine ya mzee imekufa au mmeizima?"

"Mashine? Mashine nzima, Sista. Inafanya kazi kila usiku. Naisikia ukutani."

"Mimi sijapata taarifa zake zaidi ya wiki. Nimekutetea mpaka mdomo umekauka. Nimewaambia huyu binti ni fundi wa mitandao, atakuwa na sababu yake. Lakini wakubwa wamekaza. Mashine isiyoleta taarifa inahesabiwa haina mtumiaji, na huku kwenye korido nina mama wa watu analala kwenye benchi akingoja apate moja. Leo nikifunga ofisi sijaona kitu, kesho dereva anakuja kuichukua."

"Lakini anaitumia, Sista. Wallahi naisikia ikinguruma."

"Nakuamini, mwanangu. Kompyuta ndiyo haina masikio."

Simu ikakatika. Waya akabaki amesimama, chai ikifuka miguuni pake. Siku baba alipoambiwa kwamba figo zake zimeacha kazi, Sista huyu huyu alimvuta Waya kando na kumweleza bila kuzungukazunguka: mashine hii ndiyo figo zake sasa. Bila mashine, tutazungumza habari ya wiki chache, si miaka. Tangu siku hiyo Waya alikuwa akilala kichwa kikiwa upande wa ukuta wa baba, ili mngurumo ule uwe kitu cha mwisho kukisikia kabla ya usingizi.

Ni mimi, akajiambia. Nimekosea mimi. Mwanzoni mwa mwezi hospitali ilibadili mtandao wake, ikatuma mipangilio mipya ya kuingiza kwenye kila mashine iliyoko majumbani, na aliyeiingiza kwenye mashine ya baba alikuwa Waya mwenyewe.

"Hiyo chai imeota mizizi mlangoni?" baba aliuliza kutoka ndani.

Akaingia. Baba alikuwa ameketi kitandani, uso umemvimba kidogo kama wa mtu aliyelala kifudifudi, miguu ndani ya kandambili ambazo siku za karibuni alizikata kamba akidai zimesinyaa kwa jua. Kando ya kitanda palining'inia pazia, na nyuma yake ndipo mashine ilipokaa, kubwa kiasi cha begi la safari. Usiku iliingiza maji maalumu tumboni mwake kwa mrija mwembamba, ikayaacha yafyonze sumu, ikayavuta nje, ikaingiza mengine. Asubuhi ilituma hospitali hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Taa ya kijani ikiwaka, taarifa zimefika. Lakini taa hiyo baba aliitupia kitambaa, akisema inamchoma macho, na Waya hakubisha. Wala hakuwahi kuingia nyuma ya pazia wakati wa kujiunga na kujitoa. "Tumbo la baba si la kutazamwa na binti," baba alitangaza siku mashine ilipoletwa. Sista alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akamfundisha baba peke yake, na tangu hapo mrija ulikuwa wa baba, mifuko ya baba, kumwaga kwa baba. Binti alikuwa wa chai na dirisha.

"Baba, mashine haitumi taarifa."

Baba akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni muda mrefu kuliko chai inavyostahili. "Ndivyo vilivyo vyombo vya siku hizi. Nenda kazini, mama. Utaitazama jioni."

"Jioni Sista atakuwa keshafunga. Wakikosa taarifa leo, kesho wanaichukua wampe mama mmoja anayelala kwenye benchi huko hospitali."

"Na bosi wako? Atakutafuna."

"Bosi ana vidonda vya tumbo, hali kitu chochote chenye pilipili."

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Akafungua dirisha, akampigia bosi, akasogeza pazia na kuketi juu ya ndoo iliyogeuzwa mbele ya mashine. Ndoo, kwa sababu beseni la bluu la kufulia lilikuwa limepotea. Alilitafuta nyumba nzima, na baba akasema labda jirani kaazima.

Jina la Waya lilitoka kwa baba huyu. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya simu, zamani zile za vyumba vilivyojaa nyaya kama nywele, naye mtoto akamfuata kazini siku za likizo, mwembamba kuliko nyaya zenyewe, akimshikia tochi. Huko ndiko alikofundishwa sheria ya mitambo. Mkono haugusi kitu mpaka mdomo umesema, na mwenzako amerudia ulichosema. "Nakata laini saba," fundi alisema. "Unakata laini saba," akajibu mwenye tochi. Hapo ndipo koleo lilipouma. Kama hukusikia, ulisema "Rudia," na fundi alirudia hata mara kumi, kwa sababu kulikuwa na jamaa mmoja aliyegusa kimya kimya na kuiacha wodi ya wazazi bila simu kutwa nzima. Waya alikua na sheria hiyo. Kazini kwake, kwenye kampuni ya maji, wenzake walimcheka kwamba anaongea na vifaa. Aliona aibu, akainamisha kichwa, akaendelea kuongea navyo.

"Nafungua mipangilio," alisema sasa.

Akangoja arudiwe. Akageuka.

"Unafungua mipangilio," baba alisema hatimaye.

Mashine haikuwa na kibodi. Ilikuwa na kioo kidogo kama cha saa ya mezani na vitufe vinne: juu, chini, ndiyo, rudi. Kila namba ilipandishwa kwa kuminya kitufe cha juu, na ukipitiliza unaanza upya kama mtu aliyekosea raundi ya kusuka. Waya akaingiza nenosiri la mafundi, herufi moja moja, akizitaja kwa sauti kama alivyozitaja mwanzoni mwa mwezi. Akakagua waya wa nyuma. Akakagua ruta, kisanduku cha intaneti, sebuleni, akaizima, akaiwasha. Ruta ilikuwa nzima.

"Nakagua DNS," alisema.

"Unakagua mama wa ulizio," baba akajibu, na safari hii sauti yake ilikuwa na joto kidogo, maana huo ulikuwa mzaha wao wa zamani. Waya alipokuwa chuoni na kushindwa kumweleza baba DNS ni kitu gani, baba mwenyewe ndiye aliyeelewa kabla hajamaliza: kumbe ni yule mama wa ulizio! Mtandao hauna habari na majina, unajua namba tu. Basi unampigia mama wa ulizio, unampa jina la mtu, anakupa namba, unakwenda zako. Mama huyo akiwa hayupo, au akiwa mwongo, hata ungekuwa na simu ya dhahabu humpati mtu.

Namba za DNS zilikuwa zile zile walizopewa na hospitali. Akaagiza mashine ijaribu jina la seva, kompyuta ya hospitali inayopokea taarifa. Kioo kikafikiri, kikaleta namba. Mama wa ulizio alikuwepo na alisema kweli.

Waya alipaswa kufurahi. Badala yake aliingiwa na hofu, kwa kuwa kosa likiwa DNS ni la mtu yeyote, na kilichosalia alikiweka kwa mkono wake. Hospitali sasa ilitaka kila taarifa ipitie proksi, kama barua zinazoachwa kwa mlinzi wa getini azifikishe ndani yeye mwenyewe. Kwenye kioo palisomeka "Proksi: imewashwa." Alikumbuka kuiwasha. Alikumbuka kusoma kila namba kwa sauti na baba akirudia nyuma yake. Akazima, akawasha tena, akajaribu kutuma. "Imeshindikana." Akajaribu tena. "Imeshindikana." Chai ya baba ilipoa, jua likahama kutoka kwenye mto hadi kwenye blanketi, na mashine ikaendelea kusema neno moja kama mtoto mkaidi.

"Acha, mama," baba alisema. "Hukulazimishwa."

"Nani kasema nimelazimishwa?"

"Nasema tu. Pumzika."

"Wakiichukua hii utapumzika wewe, Baba, si mimi." Akajuta papo hapo. Hakuwa mtu wa maneno makali, na neno kali likimtoka lilimrudia mwenyewe kama mpira uliogonga ukuta. "Nisamehe."

Baba alikuwa akitazama dirishani.

Mwishowe, alasiri, akampigia yule kijana wa mitandao wa hospitali, ambaye kila mtu alimwita Mtaalamu kwa kuwa alijiita hivyo mwenyewe. Akaweka spika, akaiegemeza simu kwenye mashine ili mikono ibaki huru.

"Dada, huku kwetu mambo shwari," Mtaalamu alisema huku akitafuna kitu. "Mashine za watu wote zinaongea. Yako tu ndiyo imenuna."

"Nimekagua DNS, iko sawa. Proksi imewashwa."

"Kuwashwa imewashwa. Inaelekea wapi? Nisomee anwani."

Waya akaminya kitufe. Hakuwa ameifungua anwani yenyewe kwa sababu aliiweka mwenyewe, na kitu ulichokiweka mwenyewe hukitazami, unakikumbuka tu. "Mia moja ishirini na saba," akasoma. "Nukta sifuri. Nukta sifuri. Nukta..."

Akasogeza uso karibu na kioo.

"Nukta moja," Mtaalamu akammalizia, kisha akaangua kicheko. "Dada! Wewe ndiye fundi kweli? Hiyo si proksi yetu, hiyo ni mashine yenyewe! Kila mashine duniani inajiita hivyo. Mashine yako inachukua taarifa, inajikabidhi, inangoja ijijibu. Inajipigia simu! Haki ya nani, hii nitawasimulia wenzangu." Aliposikia hakuna anayecheka naye akakohoa. "Basi, weka ile tuliyowatumia, uitume. Itapeleka zote za nyuma kwa mkupuo. Ni dakika tu."

"Asante," Waya alisema, akakata.

Namba hiyo haiji kwa bahati mbaya. Kidole kikipitiliza huenda kikaacha mia mbili badala ya mia moja. Hakipandishi namba kutoka sifuri mpaka mia moja ishirini na saba, kikasimama hapo hapo, kisha kikaweka sifuri mbili na moja. Huo ulikuwa mkono wenye subira, unaojua unakwenda wapi. Na humu ndani waliolijua nenosiri walikuwa wawili, mmoja akiwa amelisikia likisomwa herufi kwa herufi na kulirudia.

Akakumbuka. Haikuwa mbali, ilikuwa Jumapili moja ya mwezi huu huu. Baba alikuwa akimsimulia jinsi walivyotuliza laini yenye fujo bila kuikata: waliizungusha ikajirudia yenyewe. Kwenye ubao ilionekana hai, lakini anayepiga alisikia pumzi yake tu. "Na ninyi wa siku hizi," baba aliuliza, "mnaizungushaje ijirudie?" Waya alifurahi mno siku hiyo. Baba hakuwa ameuliza habari za kazi yake kwa muda mrefu, alikuwa ameacha kuuliza habari za kitu chochote. Akaketi ukingoni mwa kitanda na kumweleza kwa raha zote, hata akamwandikia ile namba kwa kidole juu ya blanketi. Baba alitikisa kichwa, akasema, "Nyepesi hivyo?"

Hakugeuka kumtazama. Alirudi nyuma kwenye kioo, akafungua taarifa zilizokwama, kwa sababu sasa aliogopa kitu kingine. Siku ya mafunzo Sista alisema jambo moja mara nyingi mpaka Waya akalishika akiwa upande wa pili wa pazia: kinachotoka lazima kizidi kilichoingia. Hicho kilichozidi ndicho uchafu wa mwili, ndiyo kazi yote ya mashine.

Usiku wa jana, kilichoingia na kilichotoka vilikuwa sawa. Juzi, sawa. Akashusha, akashusha tena. Sawa, sawa, sawa, hata tone halikuongezeka, mpaka kwenye siku ile ile mashine ilipoanza kujipigia simu.

Waya akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya kitanda. Beseni la bluu lilikuwa pale, limefunikwa kwa taulo, na ukingoni mwake palikuwa na alama ya kibanio ulipobanwa mrija. Usiku kucha mashine ilijaza beseni, ikasubiri, ikayavuta maji, ikajaza tena. Naye Waya alilala kichwa kwenye ukuta, akisikiliza beseni likitibiwa.

Alikaa vile magotini. Uso uliovimba, kandambili zilizokatwa, chakula kilichorudi jikoni nusu sahani, vyote vilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi, naye alifungua dirisha na kucheka.

Aliporudi kuketi juu ya ndoo, mikono ilijua kazi yake. "Naweka anwani ya proksi," alisema. Akavunja sheria, akaiweka bila kujibiwa, namba moja moja, mpaka ikakamilika. Kioo kikaandika: "Tayari. Tuma?" Akaweka kidole gumba juu ya kitufe cha ndiyo.

"Baba. Natuma."

Baba akalivuta blanketi mpaka kifuani.

"Natuma taarifa, Baba. Rudia."

"Usitume," baba alisema.

"Huko siyo kurudia."

"Waya, mama yangu. Usitume."

"Nikituma, Sista ataona usiku wote wa beseni. Watakuja kukubeba. Nisipotuma, kesho wanakuja kuibeba mashine." Sauti yake ilikuwa ndogo, ile ile ya siku zote, isipokuwa ilikuwa inavunjika katikati ya maneno. "Lolote nitakalofanya, nimelifanya mimi. Umenishikisha koleo, Baba, ukanyamaza. Wewe! Wewe uliyenikataza kugusa hata swichi ya taa bila kusema!"

Baba alifuta uso kwa kiganja chote, kutoka paji mpaka kidevu. Alipoondoa mkono, shavu lilibaki na alama za vidole, kama unga uliokandwa.

"Unadhani sijajaribu?" alisema. "Kila asubuhi, ukigonga, nakohoa. Unafikiri najifunika. Natafuta maneno. Najiambia, leo akiingia tu namwambia. Halafu unaingia na hilo sinia, unafungua dirisha, unaniuliza nimeamkaje. Ningekujibuje?"

"Ungenijibu kweli."

"Ungeweza kuibeba hiyo kweli?"

Kidole bado kilikuwa juu ya kitufe. Mfukoni simu ikaanza kulia, na hakuwa na haja ya kuitazama kujua ni Sista anayejiandaa kufunga. Wakaisikiliza wote wawili mpaka ikachoka.

"Sema sasa," Waya alisema. "Mimi ndiye mwenye tochi. Sema kabla hujagusa."

Midomo ya baba ikatembea bila sauti, kama ya mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Nimechoka."

Waya alisikia. Alisikia vizuri, chumba kilikuwa kidogo. "Rudia," alisema.

"Nimechoka, Waya. Si na wewe. Nimechoka kujazwa maji na kumwagwa kama pipa. Nimechoka kuamka. Nataka kuacha mashine, wampe yule mama wa kwenye benchi, nami nikae na wewe hapa mpaka zifike siku zangu. Nilitaka kuacha, nikashindwa kusema. Basi nasema. Nataka kuacha."

Sasa ilikuwa zamu ya Waya. Mkono wa baba ulikuwa umelala juu ya blanketi, pale pale alipoandika namba kwa kidole, na haungesogea mpaka mwenzake arudie. Waya aliutazama mkono huo.

"Umechoka," alisema. "Unataka kuacha."

Baba alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Waya akaondoa kidole kwenye kitufe, akaisogeza ndoo mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akaushika ule mkono uliovimba kwa mikono yake yote miwili. Miaka yote ya sinia na dirisha, hili hakuwahi kulisema.

"Nimekusikia, Baba," alisema. "Nami nasema langu. Sitaki uende."